Mtoto kavishwa kibao kisa kaongea Kiswahili, na asubuhi yake katoka kuimba wimbo wa taifa mstarini. Hii imekaaje wadau?

Baba Wawili Tabata
Wakuu habari za muda huu. Mimi huwa msomaji tu humu siyo mtu wa kuanzisha nyuzi ila hili limenikaa kooni tangu jumatatu.

Nina binti yuko darasa la tatu shule moja ya inglishi midiamu huku Tabata, jina la shule naliacha. Jumatatu karudi kimya, siyo kawaida yake maana yule akirudi shule unamsikia kutoka kwa jirani. Mama ake kumbembeleza ndo anasema alivishwa kibao. Kibao chenyewe kipande cha mbao kina kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mimi leo nimeongea Kiswahili, unakaa nacho shingoni mpaka umkamate mwenzako anaongea Kiswahili ndo unamvisha yeye, atakayekutwa nacho kengele ya mwisho anapiga magoti mbele ya darasa. Kosa la binti yangu alimwambia mwenzake "nipe ufutio wangu". Basi. Ufutio!

Sasa jumatatu ndo siku ya bendera, wamesimama mstarini mikono mbavuni wakaimba wimbo wa taifa, na ule wimbo ni Kiswahili mwanzo mwisho. Yaani saa moja na nusu Kiswahili ni uzalendo, saa nne ni kosa.

Hayo yote ningemeza. Kilichoniuma ni jioni wakati tunakula, kaniambia "baba bibi asije tena kunichukua getini". Namuuliza kwanini, anasema bibi ataniongelesha Kiswahili viranja watasikia. Mama yangu huyo, katoka Muheza kuja kukaa na wajukuu, kila siku anatembea na kijiti chake mpaka pale getini. Sikujua nimjibu nini mtoto.

Maswali yangu: hii kitu inaruhusiwa? Nikimfuata mwalimu mkuu ntaonekana mshamba anayelipa ada halafu hataki Kiingereza? Nimuhamishe? Naomba mnishauri kwa ustaarabu, matusi pelekeni nyuzi za mpira.

Kobe Mzee
Si ulimpeleka mwenyewe lakini mkuu? Ungemuweka Kayumba, shule ya msingi ya serikali, angeongea Kiswahili mpaka achoke.

Baba Wawili Tabata
Nilijua utakuja wewe. Ndio nilimpeleka mwenyewe na ada nalipa mwenyewe kwa awamu nne kwa mbinde. Nilitaka ajue Kiingereza, sikumpeleka akaonee aibu bibi yake.

Ticha wa Zamu
Nimefundisha hizo shule miaka tisa, ngoja niseme na mnipige mawe taratibu.

Kibao kipo shule nyingi, wengine wanatumia kitambaa, wengine wanaandika majina kwenye karatasi mtoto analipa shilingi mia. Wanaokitaka kwa nguvu ni nyinyi wazazi. Mzazi anakuja mwisho wa muhula wa kwanza ofisini anamwambia mtoto mbele yangu "haya ongea Kiingereza mwalimu asikie", mtoto anaangalia viatu, mzazi ananigeukia anauliza nalipia nini hapa? Mwenye shule akisikia hivyo mara tatu anaita kikao, kesho yake vibao vimechongwa. Halafu mtihani wa la nne na la saba kwetu unakuja kwa Kiingereza, matokeo yakitoka ndo tangazo la shule lile bango kubwa barabarani, na mimi mshahara wangu uko kwenye lile bango.

Sasa nilichoona kwa macho yangu. Wiki ya kwanza ya kibao kelele zinapungua, unadhani kinafanya kazi. Kumbe anayekivaa kila siku ni yuleyule mwongeaji wa darasa, mtoto mchangamfu, mwenye hadithi. Ikifika ijumaa amejifunza kunyamaza. Na wale wapole wanajua kuwinda, anajificha nyuma ya mlango wa choo amsikie mwenzake anasema "aah" kwa Kiswahili (sijui aah ya Kiingereza ikoje). Darasa zima linakuwa mapolisi. Kiingereza nilichowapata nacho ni kilekile, kiliongezeka nilipoanza kuwasomea hadithi dakika ishirini baada ya chakula cha mchana na kuwaacha waigize, hapo hata kibao nilikuwa nimekisahau kwenye droo na hakuna aliyeniuliza kiko wapi.

Nenda kwa mwalimu mkuu, nenda asubuhi kabla ya vipindi, usiende na hasira. Uliza kuhusu kupiga magoti kwanza, hapo ndo pabaya kuliko lugha yenyewe.

Jembe la Ulaya
Nyie endeleeni na uzalendo wenu. Dunia inaongea Kiingereza, interviu inafanyika kwa Kiingereza, ukienda hata hapo Nairobi tu Mtanzania anajulikana kwa kubaki kimya kikaoni. Hao wanaotuhutubia kila Julai 7 siku ya Kiswahili duniani watoto wao wanasoma wapi? Niambieni mmoja yuko Kayumba nihame jukwaa. Hata Mwalimu Nyerere mwenyewe miaka ya 80 ilipoletwa hoja sekondari ihamie Kiswahili hakuitaka, alisema Kiingereza ndo Kiswahili cha dunia. Vaa kibao binti, utatushukuru.

Mngoni Asiyechoka
Jembe hujui unachosema, au ulisoma seminari wewe.

Mimi mtoto wa Songea, nimesoma Kayumba miaka saba halafu nikaenda shule ya kata. Darasa la sita nilikuwa najua usanisinuru vizuri tu, naweza kukuchorea jani na mishale ya jua na hewa ya ukaa inavyoingia. Nafika fomu wani mwalimu wa bailojia anaandika ubaoni neno refu mpaka linashuka mstari wa pili, naandika, nakariri spelingi, miezi miwili mizima sijui kwamba ni lileeee jani langu la darasa la sita!! Mpaka siku mwalimu alipochoka akafunga mlango akatuambia kwa Kiswahili, darasa zima tukasema aaaaah. Hivyo ndo shule za kata zinavyoendeshwa mpaka leo na kila mtu anajua: kitabu Kiingereza, ubaoni Kiingereza, maelezo Kiswahili mlango ukiwa umefungwa, mkaguzi akija Kiingereza, mtihani Kiingereza. Halafu tunashangaa watoto wanakariri.

Ila iliyoniumiza ni historia. Fomu tuu tulifika vita ya Majimaji. Wadau, mimi hiyo vita nimekua nayo. Kila tarehe 27 Februari pale kwetu kunafanyika kumbukumbu ya wale walionyongwa na Mjerumani mwaka 1906, makumbusho yako pale pale Mahenge ya Songea mjini, babu yangu alikuwa ananionesha njia. Nduna Songea Mbano ambaye mji umebeba jina lake najua habari zake toka sijavaa kaptula ya shule. Mtihani ukauliza sababu za Majimaji kushindwa. Nilikuwa na majibu kichwani ya kujaza daftari zima, habari ya maji ya dawa ya Kinjikitile kule Ngarambe, silaha, njaa iliyoletwa kwa makusudi, yote. Nikaandika mistari minne. Sikuwa na Kiingereza cha kuwabeba babu zangu. Nikapata 31, na aliyeongoza darasa alikuwa kakariri noti za jamaa fulani za kuchapa, Songea hajawahi kufika.

Kwahiyo nikisikia huu mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili na linafundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari, sijali wanasiasa walikuwa na nia gani, mimi nilifurahi peke yangu sebuleni mke wangu akadhani timu imefunga.

Jembe la Ulaya
Pole mkuu, lakini hapo tatizo ni kwamba primari hukufundishwa Kiingereza vizuri. Ungevalishwa kibao ungefaulu 😂

Mngoni Asiyechoka
Ningevalishwa kibao ningeacha shule nikalime mahindi na ungekuwa unayanunua kwangu sasa hivi.

Mafaili ya Zamani
Niweke sawa mambo mawili matatu maana naona watu wanachanganya.

Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi ni tangu 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nayo ikaanzishwa mwaka huohuo. Mpango ulikuwa kipande hadi kipande kifike juu. Mwaka 1982 Tume ya elimu ya Makweta ikapendekeza sekondari nayo ihamie Kiswahili na ikapanga ianze fomu wani ya 1985. Serikali ikakataa, Kiingereza kikabaki. Sera ya elimu ya 2014 ikafungua mlango, ikasema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote na Kiingereza nacho kiendelee. Watu tukasherehekea. Haikutekelezwa. Toleo la 2023 limekuja, elimu ya lazima imekuwa miaka kumi, Kiingereza kinaanza kufundishwa kama somo toka la kwanza, na sekondari kufundishia ni Kiingereza kama kawaida isipokuwa hilo somo alilolitaja Mngoni na Kiswahili chenyewe. Ni kama daladala imepiga honi kituoni toka mwaka 82 haiondoki.

Na kwa mleta mada: shule yako kisheria inaruhusiwa kufundisha kwa Kiingereza, hilo usilipiganie utapoteza muda. Pigania namna.

Omuhaya wa Buguruni
Nimesoma uzi wote natabasamu. Mleta mada pole sana, kibao ni ujinga, nakuunga mkono. Lakini ngoja nikwambie kitu.

Mimi nimesoma shule ya msingi Kagera miaka ya 80. Kayumba, madarasa ya tofali za udongo, hakuna Kiingereza wala nini. Na tulikuwa tunachapwa kwa kuongea Kihaya. Waitu! Kuna kiranja alikuwa na daftari la majina ya "waongea kilugha", ukiandikwa unachota maji ya mwalimu kisimani au unakula fimbo, chagua. Nakumbuka siku ya kwanza ya darasa la kwanza mimi sijui Kiswahili hata cha kuombea ruhusa ya kwenda haja, nikaogopa kuomba kwa Kihaya, nikajikojolea pale kwenye benchi. Nina miaka hamsini na kitu na benchi lile nalikumbuka lilipokuwa limekaa. Na sisi asubuhi tulikuwa tunaimba wimbo wa taifa vilevile, na tulikuwa hatujui maana ya nusu ya maneno.

Hicho Kiswahili unachokitetea, kwetu ndo kilikuwa Kiingereza.

Sasa msinielewe vibaya. Sekondari nilipelekwa bweni mkoa mwingine kabisa, nikalala kitanda cha juu, chini yangu Mmakonde, pembeni Msukuma na Mchaga, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kabila mpaka labda fomu tatu kwa utani wa kunyang'anyana sukari. Kile Kiswahili cha fimbo ndo kilifanya hilo. Nikienda nchi za jirani wakati wa uchaguzi naona thamani yake. Kwahiyo sijui nikasirike au nishukuru, navifanya vyote kwa zamu. Ila wanangu leo Kihaya wanajua salamu na matusi, mama yangu akipiga simu wananikimbizia simu kama imeshika moto. Nilipoona ulivyoandika kuhusu bibi getini nikafunga simu kwanza nikatoka nje.

Huyo bibi wa Muheza anaongea nini na dada zake?

Baba Wawili Tabata
Kibondei. Wakipigiana simu mimi natoka patupu, nasikia majina ya watu tu na kicheko. Dah mzee umenipiga sehemu sikutegemea.

Mvita Damu
Salaam kutoka Mombasa, naomba niingie japo si nyumba yangu.

Huku kwetu kibao chaitwa diski. Nimekivaa mimi na kakangu, babangu alivaa yake enzi zake, sasa ni urithi wa ukoo. Tena siku hizo Kiswahili na lugha ya nyumbani vyote vyahesabiwa kosa sawasawa, isipokuwa siku za Kiswahili, shule nyingine zina ratiba jumatano na ijumaa ni Kiswahili, kwa hiyo usipokumbuka siku umekwisha.

Lakini maajabu yetu ni haya. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia Kenya 1985 Kiswahili kikawa cha lazima na kinatahiniwa. Sisi Waswahili wa Mji wa Kale tukasema alhamdulillahi, hapa ndipo petu, tutapita bila kusoma. Wallahi tulifeli! Mtoto aandika "mato" mwalimu akata, asema ni macho. Aandika "nti", kata, ni nchi. Amwita mwenzake "ndoo", yaani njoo, mwalimu acheka, ndoo ni ya maji. Na mwalimu mwenyewe katoka bara, Kiswahili kakisomea chuoni, mzuri wa sarufi kweli, ila nyanyangu angemkosoa kwa kila sentensi. Mswahili kafeli Kiswahili kwa kusema Kiswahili cha nyumbani kwao. Shairi lolote la zamani la Mvita limejaa hayo mato na hizo nti, na hilo shairi nalo liko kwenye kitabu cha shule kama mfano wa lugha bora.

Na mwasema wimbo wa taifa, wetu sauti yake imetoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, watu wa Mto Tana. Sasa fikiria mtoto wa Kipokomo asimama paredi aimba sauti ya nyanyake mbele ya bendera, akiingia darasani akisema neno moja la Kipokomo avishwa diski.

Mafaili ya Zamani
Hahaha hiyo ya Pokomo ni kweli. Na wa kwetu sauti yake ni ya Enoch Sontonga, Mxhosa wa Afrika Kusini, 1897. Kazi yake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, alitunga kwa Kixhosa akawaimbisha wanafunzi wake.

Kobe Mzee
Kwahiyo hata Sontonga angevalishwa kibao Tabata.

Ticha wa Zamu
😂😂 Kobe leo umeongea.

Mama Ntilie Msomi
Mmejadili sana historia, mtoto mnamuacha. Mimi ninao wawili hukohuko inglishi midiamu. Nyumbani kwangu Kiswahili tu, na nawapa kazi: chochote mlichojifunza leo nielezeni kwa Kiswahili mimi mama yenu sijasoma. Nimesoma ila wao hawajui 😅. Yule mkubwa anahangaika anatafuta maneno, "mama kuna hii kitu ya maji yanapanda juu yanakuwa mawingu", namwambia mvuke, anaandika pembeni. Kiingereza chake hakijapungua hata tone. Baba Wawili usimhamishe katikati ya mwaka utamsumbua, ila mpe bibi kazi. Bibi amfundishe kitu ambacho shule haina, kusuka ukili, kupika mhogo wa nazi, chochote, mtoto ataona bibi ana kitu.

Baba Wawili Tabata
MREJESHO wakuu, samahani nimechelewa.

Nilienda alhamisi asubuhi kama Ticha alivyonishauri. Mwalimu mkuu mtu mwema tu, kanikaribisha chai. Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati akatoa faili la mwanangu, akanionesha fomu ya kujiunga, kanuni namba kumi na moja, mzazi anakubali mtoto kuadhibiwa akitumia lugha isiyo ya Kiingereza ndani ya eneo la shule. Chini sahihi. Sahihi yangu! Fomu yenyewe kurasa sita Kiingereza kitupu, kusema kweli siku ile nilisoma sehemu ya ada na namba ya akaunti basi. Nilitamani ile chai inimeze.

Tukaongea lakini. Nikamuuliza kuhusu kupiga magoti, akasema hilo hajui na halikubaliki, akamuita mwalimu wa darasa hapohapo, limefutwa. Kibao kasema atalipeleka kwenye kikao cha wazazi mwezi ujao maana wazazi ndo walikipigia makofi. Akaniahidi wa kwangu hatavishwa. Nikarudi nimejiona mshindi, namwambia binti kwamba wewe hutavaa tena, ananitazama ananiambia "na Rehema je? Rehema ndo anavaaga kila siku". Rehema ndo yule aliyeombwa ufutio. Basi kikao nitaenda na nitasimama, Jembe la Ulaya uje unizomee.

Leo nimewahi kutoka kazini nikaenda getini mwenyewe nione. Mama kamwambia asubuhi kwamba atakuja hata kama hatakiwi. Kasimama na kijiti chake upande wa pili pale kwa muuza mihogo. Binti katoka, kamuona bibi, kageuka kushoto kumtafuta kiranja, kulia, kiranja kasimama palepale na soksi zake mpaka magotini. Mtoto kaganda kidogo halafu kasema kwa sauti ya mstarini kabisa "Good afternoon Grandma".

Mama yangu kaitikia "Marahaba", kamshika mkono wakavuka barabara.